Mtandao wa Chumba cha Mwisho

Time binti Khatib, mtu wa Ole, Pemba, hakuwa mwongo. Uongo mdogo mdogo alisema, nani hasemi? Sikukuu ya Idi alimpigia meneja wake akamwambia kichwa kinamgonga, kumbe yuko jikoni anakaanga sambusa. Lakini ule uongo wa kumtazama mtu machoni na kumzunguka hakuwa nao, na alikuwa na sababu yake. Sikilizeni basi namna ulivyompata ukubwani.

Alifika London mwaka 1996, siasa za kisiwani zilipochacha mpaka ndugu hawaalikani harusi. Akapata chumba Walthamstow, juu ya duka la vitambaa, mtaa ule wa soko refu ambao ukinunua nyanya mwanzoni hufiki mwisho bila kujuta, maana za mbele ni nzuri zaidi. Alifagia ofisi, akaosha vyombo, akangoja karatasi zake za ukimbizi. Wazungu wakalisoma jina lake kwa Kiingereza chao, wakamwita Taim. Mwanzo aliwasahihisha, mwisho akachoka akaitikia.

Mwaka 1998 mama yake alifariki, naye hakuambiwa. Kwetu msiba hauambiwi mtu akiwa peke yake, wala hatupiwi kwenye simu akaachwa nao. Hukalishwa kitako, wakawepo watu wa kumshika. Na Time nani angemkalisha? Hana mume, hana ndugu, karatasi hazijatoka, hata nauli angeipata asingeruhusiwa kwenda na kurudi. Wakaona wamfiche kwanza, wakamficha miezi mitatu. Katika miezi hiyo alimtumia mama yake doti mbili za kanga na dawa ya kuchua miguu, akapiga simu kuuliza kama zimefika. Wakamwambia zimefika, na mama kafurahi sana.

Siku ya harusi moja huko Wembley, mwanamke akamkumbatia jikoni akamwambia, "Pole na mama, shoga yangu. Mungu amrehemu." Maskini, alidhani anajua. Time aliangusha sinia la pilau. Alilia siku nyingi, lakini kilichomchoma kuliko kifo chenyewe ni zile kanga. Akaapa kwamba yeye hatamfanyia binadamu jambo kama lile.

Haya. Kufika mwaka 2008 alikuwa mtunzaji katika nyumba moja ya wazee huko Stratford, nyumba ya biashara yenye mwenyewe, jengo refu lenye ukumbi mbele na ujia mwembamba unaokwenda mpaka chumba cha kumi na tisa. Hicho cha mwisho kilikuwa cha Mzee Soud, Muunguja, aliyetoka kwao kijana baada ya mapinduzi akafanya ukarani mpaka akastaafu. Mkewe alikwisha kufa. Mwanawe mmoja, Hussam, kazaliwa hapa hapa na anaishi Wembley. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza.

Mzee naye uzee ulimfanyia kituko. Kile Kiingereza chake cha miaka arobaini kilianza kumtoka kidogo kidogo, mpaka siku nyingine anaomba maji na watu wanamletea blanketi. Time akawa ndiye ulimi wake. Akamtafsiria kwa wauguzi, akamsomea barua, akamgombania chai ya tangawizi jikoni. Mzee alimwita mwanangu, na katika London nzima hakuwapo mwingine aliyemwita Time hivyo.

Mzee alibakiwa na dada mmoja, Bi Zuwena, kule Unguja mjini. Masikio ya Bi Zuwena yalikwisha kufa, simu kwake haina faida, lazima auone uso wa mtu na midomo yake. Kwa hiyo kila Ijumaa, saa nane mchana ya London, mwanawe Bi Zuwena, jina lake Mansour, alimchukua mama yake mpaka ofisini kwake Malindi, siku ambayo ofisi imefungwa mapema, akamketisha mbele ya kompyuta. Na huku Time alimsukuma Mzee kwa kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, karibu na rauta, kile kisanduku cha kurusha waifai, akamfungulia laptop yake mwenyewe. Ndugu wawili wakatazamana. Maneno yenyewe yalikuwa machache. "Umekonda, we Soud!" "Na wewe umekuwa kibogoyo!" Wakacheka, wakaombeana dua, basi. Siku hiyo Mzee akirudi chumbani alikula chakula chake chote.

Mwezi wa nane alianguka bafuni akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali hakuinuka tena kitandani. Na waifai haikufika chumba cha kumi na tisa, ilifia kwenye stoo ya mashuka, katikati ya ujia. Time alijaribu kila namna. Alisimama na laptop mlangoni, akaipandisha juu ya kabati, akaitoa dirishani mvua inanyesha. Wapi! "Mtandao haufiki huku, Mzee," alimwambia, na ilikuwa kweli tupu. "Vumilia kidogo, wanasema wataleta mafundi."

Mwezi wa kumi, Jumatano moja, Mansour akampigia Time simu kazini.

"Bi Time, mama ametangulia mbele ya haki."

Time akakaa juu ya ndoo ya kudekia, papo hapo alipokuwa.

"Mjomba usimwambie peke yako," Mansour akasema, huku analia. "Nimeshazungumza na Hussam. Yeye ndiye mwana, atakuja na watu wamkalishe kitako. Na siku mtakayomwambia, nifungulieni ile video nimpe pole uso kwa uso. Kabla ya hapo asinione. Akiniona tu, atajua."

Hussam akasema atakuja Jumapili. Jumapili hakuja. Time alipompigia, alijibu kwa Kiingereza kwamba daktari anasema moyo wa baba ni dhaifu, na kwamba yeye hata hajui mambo hayo husemwa vipi. Juma lijalo, Auntie. Na juma lijalo likazaa juma jingine.

Na Mzee kila Ijumaa, saa nane ikifika, anauliza: "Umefika mtandao?"

"Haujafika, Mzee."

Maneno yale yale ya mwezi uliopita, ila sasa yalikuwa na kazi nyingine. Mzee huinua mikono yake myembamba. "Basi tumwombee. Ewe Mola, mpe afya dada yangu Zuwena, mrefushie umri wake, unikutanishe naye." Halafu husubiri.

"Amin," Time akasema.

Jamani! Mtu yuko kaburini, anaombewa umri mrefu! Kila alipoitikia, jioni ndani ya treni ya kurudi Walthamstow Time alizikumbuka zile doti mbili za kanga. Ijumaa ijayo nitamwambia, alijisemea. Ijumaa ijayo akaitikia tena. Aliogopa moyo wa Mzee usije ukasimama mikononi mwake. Aliogopa Hussam aje aulize, nani kakutuma? Na zaidi ya yote, tusidanganyane, aliogopa kulikosa lile neno mwanangu.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja mafundi wakaja kweli. Mwenye nyumba alikuwa amenunua vidude vya kushika mkononi, ili watunzaji waandike humo dawa na chakula cha kila mzee badala ya makaratasi, na vidude hivyo vina faida gani ikiwa waifai inaishia katikati ya ujia? Fundi alikuwa Eddie, Mkenya wa Machakos, kijana wa watu mwenye mdomo mwepesi na ngazi ndefu kuliko yeye. Alifunga visahani vyeupe vitatu: kimoja ofisini, cha pili ndani ya stoo ya mashuka, cha tatu juu ya mlango wa chumba cha kumi na tisa.

"Hii inaitwa mesh, Mama Time," alimweleza, maana alikuwa mtu wa kueleza hata asipoulizwa. "Si lazima nivute waya wa intaneti hadi huku mwisho. Ile ya ofisi inapatia ya stoo, ya stoo inapatia hii ya mlango. Ni kama watu wakipokezana ndoo za maji, umeona? Kila moja inataka tu umeme wake."

"Na ya katikati ikizimika?"

"Basi hii ya mwisho inakaa na kiu," Eddie akasema, akacheka.

Mzee Soud alikuwa amekisikia Kiswahili mlangoni. "Wewe kijana! Umefika mtandao?"

"Umefika, mzee! Umejaa kabisa! Hata ukitaka kuona nyumbani saa hii, unaona."

Mzee akamgeukia Time. Uso wote ulikuwa umemkunjuka. "Ijumaa, mwanangu," akasema.

Time akasema ndiyo.

Ijumaa ilipofika, saa nane kasorobo, aliingia stoo. Akasogeza mataulo, akauona waya mweupe wa kisahani, akauchomoa, na kitaa chake cha kijani kikazima. Kisha akaenda chumba cha mwisho na laptop kifuani, akamfungulia Mzee, akabonyeza jina la Zuwena, ndilo aliloliandika Mansour kwenye kompyuta yake ya ofisini. Wakatazama pamoja kile kiduara kikizunguka na kuzunguka mpaka kikakata tamaa.

"Tazama mwenyewe, Mzee. Haushiki."

Mzee akapapasa ukingo wa laptop. "Lakini yule kijana kasema umefika."

"Hawa mafundi, Mzee, we wache tu."

Ikaja dua, ikaja amin, na Time akarudi stoo akauchomeka waya. Lahaula! Yule yule aliyeapa.

Lakini jambo kama lile halimpigi mtu mmoja. Zile dakika ishirini, vidude vya watunzaji wa upande ule wote vilikata, maandishi ya dawa yakapotea, ikabidi waulizane bibi nani amepewa nini na nani bado. Meneja, Lydia, Mkenya mwenziwe Eddie lakini kazini hana undugu na mtu, akamwita fundi. Eddie akaja, akabadilisha soketi, akajaribu, akaondoka. Ijumaa ya pili yakawa yale yale. Jumatatu Lydia akamsimamisha ujiani mbele ya watu.

"Eddie, hii kazi ulifanya ama ulicheza? Nikipigia bosi wako simu mara ya tatu, usiniulize."

Eddie na mdomo wake wote alitazama viatu vyake. Time alikuwa hapo hapo, na kikapu cha nguo chafu. Maneno yalimfika kwenye meno. Lydia alipoondoka, alichoweza kusema ni kwamba kesho atamletea Eddie chapati. Na kesho yake, Eddie alipokuja kupima upya, kweli akampa chapati nne za moto.

"Mungu akubariki, Mama Time," Eddie akasema. "Humu ndani ni wewe pekee uko na roho safi."

Afadhali angempiga kofi. Mchana ule ule Time akampigia Hussam. "Njoo Ijumaa hii. Usipokuja, namwambia mwenyewe." Hussam akajibu kwa Kiswahili, chake cha kubahatisha, "Nakuja, Auntie. Kweli nakuja."

Alhamisi ilikuwa siku ya Time ya mapumziko. Siku hiyo Eddie alirudi na kisahani cha nne, akakifunga katika chumba cha kulia, upande wa pili wa jengo, ili ule mwisho wa ujia upate njia mbili. Ndivyo mesh ilivyo: kimoja kikifa, vilivyobaki vinatafutana vyenyewe na kuzunguka. Alimweleza Lydia, Lydia akasaini. Time hakuambiwa, nani humwambia mtunzaji habari za mitambo?

Ijumaa Time alimwogesha Mzee, akamwinua kwa mito minne akakaa kitako, akamvisha kanzu na kofia yake ya viua, akampaka mafuta ya udi nyuma ya masikio. Aliweka viti viwili kando ya kitanda, cha Hussam na cha kwake. Alikuwa amejipanga, maneno ameyapasi kichwani tangu alfajiri: ataanza na kazi ya Mola haina makosa, kisha atamshika mabega.

Saa nane kasoro dakika kumi Hussam akatuma ujumbe. Amebanwa na mkutano kazini. Jumapili, bila shaka.

Time aliusoma mara mbili, amesimama ujiani. Alikuwa amesema atamwambia mwenyewe, na maneno anayo. Akavuta pumzi mara tatu. Kisha miguu ikampeleka stoo, akasogeza mataulo, akauchomoa waya.

"Umefika?" Mzee akauliza alipomwona.

"Tutazame." Akabonyeza jina la Zuwena, akaigeuza laptop ili Mzee akione kiduara kwa macho yake.

Simu ikaita.

Time alidhani masikio yanamcheza. Ikaita mara ya pili, na ya tatu. Kule stoo kisahani kilikuwa kimezimika, lakini hiki cha mlangoni kilikwisha jipatia njia nyingine kupitia chumba cha kulia. Kioo kikajaa uso wa Mansour, yuko ofisini Malindi kama kawaida yake ya Ijumaa. Akamwona mjomba wake kavaa kanzu na kofia, kakalishwa kitako, Time ubavuni, video imefunguliwa kama alivyoagiza. Angetaka dalili gani tena?

"Mjomba," akasema, na sauti ikampasuka. "Mjomba, pole. Ndiyo kazi ya Mungu. Alikutaja mpaka mwisho wake."

Time akanyoosha mkono aifunge laptop. Mzee akamshika kiganja. Mtu ambaye hata kikombe hakiinui, lakini alimshika.

"Lini?" Mzee akauliza.

"Jumatano ile ya mwezi wa kumi, mjomba. Arobaini tumesoma juzi Jumatatu." Halafu Mansour akauona uso wa Time pembeni ya kioo, akaelewa kwamba mjomba hakuwa ameambiwa, akajifunika macho.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," Mzee akasema, polepole, neno baada ya neno. Akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya shuka. Alipomaliza mkono mmoja akaingia wa pili. "Ijumaa sita," akasema, akamtazama Time. "Ijumaa sita namwombea afya. Na wewe unaitikia."

"Nisamehe, Mzee. Walisema Hussam ndiye wa kukwambia."

"Hussam hana maneno. Kazaliwa hapa, angeyapata wapi? Maneno ulikuwa nayo wewe." Akamwachia mkono.

Time alilia mpaka akakaa chini kwenye zulia. Mzee hakumgombeza, na angemgombeza ingekuwa nafuu. Alipomaliza kuagana na Mansour aliomba maji ya kutawadhia, na Time akamletea.

Siku ile ile alikwenda kwa Lydia akasema yote. Lydia akamwandikia barua ya onyo. Eddie alipoambiwa aliikunja ngazi yake kwanza. "Si ungeniambia tu, Mama Time," akasema. "Ningekuzimia mwenyewe." Hata hilo lilimliza.

Mzee aliishi miezi miwili zaidi. Time alimlisha, akamgeuza, akamwosha, hakumnyima kitu, na Mzee hakumnyima salamu. Kila Ijumaa alimfungulia Mansour, na mtandao haukukatika tena hata mara moja. Ila Ijumaa ya kwanza, wakati wa dua, Mzee aliinua mikono kisha akaiweka chini. Time hakuelewa, akabaki amekaa, tayari kuitikia.

"Nenda kawatazame wengine, Bi Time," Mzee akasema.

Bi Time. Akatoka, akasimama nyuma ya mlango, akasikia dua ikisomwa na Mansour akiitikia kutoka Unguja. Ikawa hivyo kila Ijumaa. Saa ya dua ikifika alitoka bila kuambiwa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza, Jumanne saa mbili asubuhi, alimkuta Mzee amelala upande wa kulia, na amekwisha poa. Lydia akampigia Hussam. Time akaachiwa kuwaarifu wa Unguja. Aliiweka laptop juu ya kile kiti cha kando ya kitanda, akabonyeza.

"Bi Time!" Mansour alikuwa anatabasamu. "Leo si Ijumaa. Mjomba hajambo?"

"Uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Wenzangu wamekwenda kunywa chai."

Kwa mila yetu hapo angesema basi nitakupigia baadaye, akatafuta shangazi, jirani, mtu yeyote wa kumtangulia. Time akatazama kitanda.

"Kaa kitako, mwanangu," akasema. Na akamwambia.

Mansour alilia. Kisha akajifuta kwa kiganja, akainua mikono, akamwombea mjomba wake rehema, kaburi pana, na makutano mema na dada yake. Alipofika mwisho alinyamaza, akingoja aitikiwe. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kuitikia. Time akafungua mdomo, amin haikutoka. Picha ilikuwa safi kabisa, mtandao umejaa, na Mansour kule Unguja akaendelea kungoja.